Poutine ya Nyumbani na Siri ya Mpwa Wangu



Nilikuwa nimeahidi kuendelea na mada ya mahari, na wapo waliokwisha kunisimamisha mlangoni mwa msikiti kunikumbusha. Mada hiyo itakuja juma lijalo, insha'Allah. Leo naomba mniruhusu niingie jikoni, kwa kuwa jambo lililotokea nyumbani kwetu mwezi wa Julai limekataa kunitoka moyoni, na nadhani wapo wazazi, hasa wenye jamaa ughaibuni, watakaolitambua.

Dada yangu mkubwa alikuja likizo kutoka Montreal, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Shemeji yetu ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na kwa kuwa Quebec huzungumza Kifaransa, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wengi wamepata makazi huko na Kiswahili chao wamekwenda nacho. Dada alifuatana na mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 12, mpole, mwenye adabu, anayesali vipindi vyake bila ya kusukumwa. Kasoro moja tu ilionekana: hakuwa akila.

Mama yetu alipika kama apikaye mtu anayempokea mjukuu aliyemwona mara ya mwisho akiwa hajajua kutembea. Pilau, samaki wa kupaka, mikate ya kumimina, maharage ya nazi. Kijana alikula vijiko vitatu, akashukuru, akanawa mikono. Siku ya nne mama akashindwa kuvumilia. "Mume wangu," alimwita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kiume, "chakula changu kina kasoro gani?" Kijana akajibu kwamba hakina kasoro yoyote. Mama akamuuliza, basi roho yake inataka nini? Kijana akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo: poutine.

Dada akajibu kabla hatujauliza hilo ni jambo gani. "Hiyo sisi hatuli." Maneno yakaishia hapo, na kimya kikatanda kwenye jamvi. Mimi, nakiri, nilimdhania kijana kuwa ni mwana wa kudekezwa, aliyezoeshwa vyakula vya dukani. Nilikosea.

Kwanza niwaeleze poutine ni kitu gani. Wenyewe hulitamka neno hilo karibu na "putsini". Ni viazi vya kukaanga vilivyotiwa juu yake vipande vya jibini changa, kisha vikamiminiwa rojo la moto lenye rangi ya hudhurungi. Basi. Msomaji aliyewahi kusimama Forodhani na bakuli la urojo mkononi hatapata taabu kuelewa: viazi, vikolombwezo, na kitu kizito cha moto kinachomiminwa juu ya vyote. Tofauti ni kwamba urojo una uchachu wa ndimu na embe, ilhali poutine ina utajiri wa maziwa na supu ya nyama, kama kinavyostahili kuwa chakula cha nchi yenye majira ya baridi marefu.

Chakula hiki si cha kale. Kilizuka katika miji midogo ya Quebec iliyozungukwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa Warwick husema kilianza kwao mwaka 1957, katika mgahawa wa Fernand Lachance, mteja alipotaka jibini na viazi vichanganywe katika mfuko mmoja. Watu wa Drummondville nao husema ni Jean-Paul Roy, mwaka 1964, aliyekuwa wa kwanza kuviuza vitu vyote vitatu pamoja na rojo lake. Ugomvi huo haujaisha, nami sitauamua. Neno lenyewe katika lugha ya mitaani ya huko lina maana ya mchafukoge. Kwa miaka mingi chakula hicho kilikuwa sababu ya kudhihakiwa kwa watu wa Quebec, kikihesabiwa kuwa chakula cha mashamba na cha watu wasio na ustaarabu. Leo kinatangazwa kama chakula cha taifa zima la Kanada, hata mtafiti Nicolas Fabien-Ouellet akaandika akihoji jinsi waliokuwa wakiwacheka wenye chakula walivyogeuka wakakifanya chao. Kwa mtoto anayekulia Montreal, kula poutine pamoja na wenzake baada ya mchezo ni kama kwa mtoto wa Dar es Salaam kula chipsi mayai: ni kuwa mmoja wa kundi.

Kwa nini basi dada alikataa? Hakuwa na kosa. Rojo la migahawa ya huko hupikwa kwa supu ya kuku au ya ng'ombe ambaye hatumjui mchinjaji wake. Viazi vyaweza kukaangwa kwa mafuta ya mnyama, wakati mwingine ya nguruwe. Na jibini hugandishwa kwa renneti, kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama anyonyaye. Hata hivyo, Montreal ina migahawa ya Waislamu inayouza poutine ya halali, na hakuna katika vitu hivyo vitatu kisichowezekana kupatikana kwa njia safi. Usiku ule nilimuuliza dada kama aliwahi kuipika nyumbani. Akasema anatoka kazini saa moja jioni akiwa amechoka, na kusema "hatuli" ni rahisi kuliko kueleza. Sikumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Nikaamua tuipike. Viazi na supu havikunipa shaka. Jaribio letu la kwanza liliharibikia kwenye jibini. Mama alichemsha maziwa, akayakamulia ndimu, akayachuja katika kitambaa, tukapata jibini nyeupe, laini, yenye kumeguka kama chicha. Tulipoimwagia rojo, ikatawanyika ikawa uji. Kijana alikula kwa adabu, akasema ni tamu, lakini hailii.

Hailii? Tukamtaka aeleze. Akasema jibini ya poutine hulia kwenye meno, kama kiatu cha raba kwenye sakafu iliyolowa. Mama alidhani anatutania. Baadaye nilisoma nikakuta ni kweli tupu. Jibini changa ya aina hiyo ina utando wa protini zilizofungamana kwa madini ya chokaa, nao ukisuguana na meno hutoa mlio. Baada ya siku moja au mbili, uchachu unaoendelea ndani ya jibini huyayeyusha yale madini, utando ukalegea, mlio ukapotea. Ndiyo maana watu wa Quebec hununua jibini hiyo ingali ya siku hiyo hiyo, na ndiyo maana ndimu yetu haikufua dafu: uchachu wake mkali uliondoa chokaa mapema, kabla utando haujafungamana. Inahitajika renneti.

Katika jamaa wa msikiti wetu yuko ndugu mmoja anayesindika maziwa kwa kiasi kidogo nyuma ya nyumba yake. Nilimwendea baada ya Isha. Alinipa vidonge viwili vya renneti, akanionyesha kwenye pakiti kwamba asili yake ni kuvu na si mnyama, akaniazima na kipimajoto. Hapa nisimame kidogo, maana najua swali litakuja. Wanazuoni wetu walihitilafiana tangu zamani kuhusu renneti ya mnyama asiyechinjwa kisheria: Imamu Abu Hanifa aliiona ni safi, na wengi wa wengine, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Kishafii, hawakuikubali. Renneti ya kuvu haina mjadala huo. Mimi ni katibu wa kamati, si mufti. Mwenye shaka na jibini ya dukani asome pakiti, kisha amuulize sheikh wake.

Siku ya Jumamosi, baada ya Alfajiri, tukaingia jikoni mimi na mpwa wangu peke yetu. Tulikuwa na lita nane za maziwa mabichi ya ng'ombe. Maziwa ya pakiti yaliyopashwa moto mkali ili yakae miezi hayagandi vizuri, na yale yaliyochemshwa hadi yakafurika ni hivyo hivyo. Lakini maziwa mabichi yasitumiwe bila kutiwa moto, kwa kuwa yana maradhi. Njia ya katikati ni kuyafikisha nyuzi 63 za selsiasi na kuyaweka hapo kwa dakika 30, kisha kuyapoza haraka, sufuria ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, mpaka nyuzi 32. Hapo tukatia nusu kikombe cha mtindi mzuri usio na sukari, tukakoroga, tukafunika kwa muda wa saa moja. Kisha robo ya kidonge cha renneti, iliyoyeyushwa katika maji ya baridi yaliyochemshwa jana yake, tukaikoroga polepole kwa nusu dakika, tukaacha.

Sasa maziwa hayo lazima yatulie dakika 45 pasipo kuguswa. Hakuna la kufanya ila kukaa. Tukakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mimi na chai yangu, naye na mikono yake katikati ya magoti. Ndipo aliponiuliza, "Mjomba, mtu akila kitu bila kujua, anaandikiwa?"

Nikamwambia haandikiwi. Nikamkumbusha dua iliyo katika aya ya mwisho ya Suratul Baqarah, ambayo anaihifadhi. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kupumua. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na kama mara ya pili alikuwa anashuku, lakini hakuuliza?"

Ikatoka polepole, Kiswahili kikichanganyika na Kifaransa. Majira ya baridi yaliyopita shule yao iliwapeleka kwenye uwanja wa barafu kuteleza. Pale kuna kibanda cha chakula, na watoto wote wakanunua poutine. Mmoja wa wenzake akamgawia. Alikula, hakufikiri chochote. Ni viazi na jibini. Juma lililofuata wakaenda tena. Safari hii alikuwa amekwisha kufikiri. Alijua rojo ni la nyama. Alijua kwamba akimuuliza mwenye kibanda atapata jibu, na jibu hilo hakulitaka. Akala. Tangu siku hiyo, aliniambia, kila akikaa kula na mama yake anahisi kama ana kitu kooni. Bibi alipomuuliza roho yake inataka nini, aliitaja poutine bila kukusudia, kwa kuwa ndicho kitu alichokuwa akikifikiri kila siku kwa miezi mitano.

Ndugu wasomaji, nilisoma chuo miaka minne. Nimefundishwa kanuni za mambo yenye shaka, na ningeweza kumsomea somo zima pale kizingitini. Nilichokiona mbele yangu ni mtoto ambaye alikuwa amebeba peke yake mzigo wa mtu mzima, akiogopa kuushusha. Nikamwambia mambo matatu mafupi. Kwamba mara ya kwanza hana lawama. Kwamba mara ya pili alikosea kwa kutouliza, na kule kuumia kwake kwa miezi yote ni majuto, na majuto ndiyo mlango wa toba. Aombe msamaha, aazimie kutorudia, na asijitese tena. Na kwamba hata hajafikia umri wa baleghe, kwa hiyo Mola wake ni mpole kwake kuliko anavyodhani. Akauliza kama ni lazima amwambie mama yake. Nikamjibu kwamba si lazima, lakini chakula kingeshuka vizuri zaidi.

Kipimajoto kikaanguka sakafuni, sote tukashtuka. Maziwa yalikuwa yameganda.

Yaliyobaki ni kazi ya subira. Tuliyakata magando kwa kisu kirefu vipande vya ukubwa wa sentimita moja, tukayaacha dakika tano, kisha tukapandisha joto kidogo kidogo kwa nusu saa mpaka nyuzi 39, tukikoroga kwa mkono mwepesi, na tukayashikilia hapo nusu saa nyingine. Tukachuja. Maji yake ya kijani-manjano msiyamwage. Mama aliyatumia kukandia unga wa chapati, na chapati zile zilisifiwa kuliko zote za likizo. Gando lililobaki hushikamana likawa kama mkate. Tulilikata vipande viwili, tukavipandisha kimoja juu ya kingine ndani ya sufuria yenye uvuguvugu, tukavigeuza kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa moja na robo. Ndipo yanapozaliwa yale mafungamano. Ukilichana, linachanika kwa nyuzi kama kifua cha kuku aliyechemshwa. Tukalichanachana kwa vidole, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tukatia kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Lita nane zilitupa karibu gramu 850.

Mama aliingia saa hiyo. Kijana akampa kipande. Akakitia mdomoni, akatafuna, akasimama. Akatafuna tena. "Kinalia!" akasema, akaketi kwenye kibao akicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Rojo alilishika yeye mwenyewe. Mifupa ya ng'ombe na mgongo wa kuku vilikuwa vimebanikwa jana yake mpaka vikabadilika rangi, vikachemshwa saa tatu pamoja na kitunguu na karoti. Aliyeyusha vijiko vinne vya siagi, akatia vijiko vinne vya unga wa ngano, akaukaanga kwa moto mdogo mpaka ukawa na rangi ya karanga iliyokaangwa. Tafadhali msiharakishe hapa, maana rangi na ladha ya rojo vyote hutoka kwenye unga huo. Akamimina supu vikombe vitatu, kidogo kidogo, akikoroga ili lisifanye madonge. Kitunguu saumu, pilipili manga ya kutosha, kijiko kidogo cha siki. Rojo likiganda nyuma ya upawa na ukipitisha kidole likaacha njia, limeiva. Alitaka kutia bizari. Mjukuu akaomba isitiwe. Wakabishana kama watu wawili waliojuana miaka mingi, na mwisho bizari ikatiwa katika bakuli la pembeni, la bibi peke yake.

Viazi vilikuwa kilo moja na nusu kwa watu sita, vimekatwa unene wa kidole kidogo na kulowekwa maji baridi kwa nusu saa ili wanga utoke, kisha vikakaushwa kwa kitambaa. Hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mafuta ya wastani, nyuzi 160 hivi, dakika tano au sita, vikalainika bila kugeuka rangi. Vikatolewa, vikapumzika. Mara ya pili kwa mafuta makali, nyuzi 190, dakika mbili au tatu mpaka viwe na ganda. Asiye na kipimajoto achovye mpini wa mwiko mkavu wa mti: mapovu yakipanda polepole ni moto wa kwanza, yakichemka kwa kelele ni wa pili. Wauza chipsi wetu wengi hukaanga mara moja, na ndiyo sababu chipsi zao hulegea kabla hujafika nyumbani; kwa poutine ulegevu huo ni maafa, kwa kuwa rojo litazimaliza.

Kupakua kuna taratibu yake. Viazi vya moto chini, jibini isiyotoka kwenye friji katikati, rojo linalofuka moshi juu. Jibini ilegee pembeni lakini isiyeyuke. Na iliwe pale pale. Baada ya dakika kumi jina lake la mchafukoge linakuwa kweli.

Tulikula baada ya Adhuhuri. Dada aliketi mwishoni mwa jamvi. Alikula kimya, kisha akamwambia mwanawe kwamba ni nzuri kuliko alivyofikiri. Kijana akaweka kijiko chini, akaniangalia, kisha akamwomba mama yake watoke uani kidogo. Walikaa huko muda mrefu. Mama yangu aliinuka mara mbili kutaka kuwafuata, na mara mbili nikamshika kanga. Waliporudi, macho ya dada yalikuwa mekundu na mkono wake ulikuwa juu ya bega la mwanawe. Hakuna aliyeuliza. Kijana akaketi, akamaliza sahani yake, na akaomba wali wa jana uliobaki.

Wamekwisha kurudi Montreal. Juma lililopita dada alituma picha: jikoni kwake, watoto wanne wa darasa la mwanawe wamezunguka karai la viazi, na mpwa wangu ameshika upawa. Jibini hawakuganda wenyewe. Walinunua ya siku hiyo baada ya kusoma pakiti. Kuku wa supu alitoka kwa mchinjaji Mwislamu wa mtaani kwao. Nilimwonyesha mama picha hiyo. Aliitazama kwa makini, akaisogeza karibu na macho, kisha akaniamuru niwaandikie kuwauliza kama hatimaye wametia bizari.